Miaka sita ni mke, cheti hakuna

Shikamoo shangazi,

Nina miaka 31, ni Mtanzania wa Rorya, nimeolewa Kisumu. Kwetu tunaongea Kijaluo kilekile cha huku, hata mama mkwe siku ya kwanza alisema nimekuja kwa ndugu zangu. Lakini pale mpakani Isebania hakuna anayeuliza Kijaluo. Wanauliza pasipoti.

Mahari ilitolewa 2019. Baba watoto alikuja na wazee wake, mama akapewa ayie yake (pesa za mama wa binti katika mahari ya Kijaluo), ng'ombe wakafuata (wawili bado, ila hilo si la leo). Tangu hapo, ukiacha ule mwaka wa korona ambao mpaka wa nchi ulifungwa, naishi kwa muhuri wa miezi sita. Ukikaribia kuisha napanda gari la Migori, navuka Sirari, nalala kwa mama siku mbili tatu, narudi nagongewa mwingine. Mimba ya mtoto wa pili nilivuka nayo ikiwa na miezi minane. Mwaka jana afisa mmoja aliipekua pasipoti ukurasa kwa ukurasa, akaniuliza, "Mama, wewe ni mgeni wa nani kila siku?" Nikamwambia nina mume Kisumu. Akasema basi nikaombe ukaazi wa kudumu, niache kuichosha pasipoti.

Nikafuatilia. Sheria ya uraia na uhamiaji ya Kenya ya 2011 inamruhusu aliyeolewa na Mkenya kuomba ukaazi huo ndoa ikitimiza miaka mitatu. Uraia ni miaka saba, nao siutaki: Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na mimi sitaki kuja kumzika mama yangu nikiwa mgeni. Watoto hawana tatizo, baba yao ni Mkenya.

Nikafurahi, maana mitatu nimeipita mara mbili. Kumbe ofisini hawahesabu ng'ombe, wanataka cheti cha ndoa. Ndoa ya kimila inatambuliwa katika sheria ya ndoa ya 2014, lakini ni lazima iandikishwe kwa msajili, na siwezi kwenda kuiandikisha peke yangu.

Hapo ndipo baba watoto alipoanza kunizungusha. Mara chifu hayupo. Mara kitambulisho kimepotea, nami nimekiona kwa macho yangu kwenye mfuko wa koti. Mwisho akafoka: "Karatasi ya nini? Nani amekwambia wewe si mke wangu?" Shangazi, si mtu mbaya. Hanipigi, karo analipa, mama yangu akiugua anatuma pesa bila kuombwa. Ndiyo maana nilinyamaza.

Sasa Krismasi tulikuwa tunamenya viazi na wifi yangu. Akaropoka, "Hata yule mwenzio wa kanisani alitaka karatasi, akapewa." Nilipomkazia macho akasema anatania. Nilijua baba watoto aliwahi kuishi na mwanamke Nairobi wakaachana. Habari za padri na pete hakuna aliyeniambia. Kama walifunga ndoa kanisani na hakuna mahakama iliyoivunja, ndoa hiyo ni ya mke mmoja, na yangu haiandikishiki. Basi mimi nimekuwa nani humu ndani miaka yote sita?

Jirani ananishauri nifuate njia ya kibali cha kazi. Hiyo inataka miaka saba ya vibali, na mitatu ya mwisho uwe umekaa Kenya mfululizo. Mimi sina hata mwaka mmoja. Nauza omena (kwetu tunaita dagaa) soko la Kibuye, kibanda kina jina la mume, na muhuri nilio nao ni wa mgeni, si wa mfanyabiashara. Naogopa hata kwenda kuuliza.

Nifanyeje? Nimuulize waziwazi? Nikienda kwa msajili kimyakimya akija kujua, ataona namchunguza. Baba mkwe ndiye aliyeongoza wazee kuja kwetu, na nadhani ana aibu ya kutosha kusema kweli, lakini nikimfikishia jambo hili litakuwa la ukoo mzima. Na mume akikasirika aniambie nirudi kwetu, watoto ni wa huku, mimi ni wa kule.

Muhuri unaisha tarehe 14 mwezi ujao. Nijibu kabla sijavuka.

Mama Wawili, Kisumu