Mtoto ana macho ya njano? Usinunue matone kwanza

Wateja wetu wa Mtwara mjini, Mikindani, Nanyamba mpaka Tandahimba, hili tunaulizwa sana hapa dukani. Mama anaingia kampakata kichanga, anasema dada naomba dawa ya macho, mwanangu macho yamekuwa ya njano. Tunampa kiti alafu tunamuuliza swali ambalo wengi hawalitegemei kwenye duka la miwani, choo cha mtoto kina rangi gani?

Maana huo unjano sio ugonjwa wa jicho. Ni bilirubini, ile takataka ya rangi ya njano ambayo ini huitoa mwilini, imezidi kwenye damu, na kwa watoto wetu weusi ngozi inaificha kwahiyo unaigundua pale kwenye weupe wa jicho. Vichanga wengi wanapata manjano siku za mwanzo na yanaisha. Yakivuka wiki 2 bado yapo ni hospitali, hata kama ananyonya vizuri na anaongezeka kilo, na ukiona choo kimepauka, cheupe kama chokaa, na mkojo unaacha doa la njano kwenye nepi, hizo wiki 2 usizisubiri. Inawezekana mirija ya nyongo imeziba. Kumuanika juani asubuhi hakuzibui mrija, na dawa za majani naomba sana tuziache, ini lenyewe lishazidiwa. Kuna upasuaji unaitwa Kasai, wanaunganisha ini na utumbo ili nyongo ishuke, na matokeo ni mazuri zaidi akifanyiwa kabla hajafikisha siku 60, sasa mwezi mzima ukiisha unamtia matone ya macho ndio muda wenyewe umeondoka huo. Anzia kituo cha afya au nenda hospitali ya Ligula hapa Mtwara, ndugu zetu wa Lindi hospitali ya Sokoine ipo, mweleze daktari rangi ya choo bila kuona aibu, na kama ni rufaa ya Dar iandikwe mapema.

Sisi watu wa macho tunaingia baada ya hapo, na hapa ndio wazazi wengi hawaambiwi. Nyongo ndio inasaidia utumbo kufyonza mafuta, na vitamini A, D, E na K zinapita humo humo kwenye mafuta. Nyongo isiposhuka, mtoto anaweza akawa anapewa matone yake ya vitamini A kliniki kila miezi 6, kadi imejazwa vizuri kabisa, na mwili bado haujapata kitu. Utaona ikifika magharibi anapapasa ukuta, anajikwaa kwenye viatu vya mlangoni, wenzake wanacheza nje yeye kang'ang'ania kanga ya bibi. Mnasema muoga, kumbe haoni! Ikiachwa jicho linakauka, mabaka yenye povu yanatokea kwenye weupe, alafu kioo cha jicho kinalika na hapo miwani haisaidii tena. Ila vitamini usimnunulie mwenyewe, dozi apange daktari, A ikizidi inaumiza ini hilohilo.

Kwa watoto wakubwa kuna ugonjwa wa Wilson, shaba inajaa kwenye ini na inaweza kuacha pete ya kahawia pembezoni mwa kioo cha jicho, tunaiona kwa mashine ya kukuzia. Kichanga mwenye manjano na mboni nyeupe huyo awahishwe hospitali siku hiyohiyo.

Kama mwanao anatibiwa ini mlete tumpime macho hata kama halalamiki, njoo na karatasi za hospitali na kadi ya kliniki, tutakachokiona tunakuandikia umpelekee daktari wake.