Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote mliofika, wa Mbeya Mjini, Rungwe, Kyela na Mbozi, na ninyi wachache wa Iringa na Njombe mliopanda basi alfajiri na mvua hii ya Januari. Nawashukuru ninyi kwanza kabla sijasema lolote lingine. Katiba inanitaka nieleze chama chetu, cha wasaidizi wa utafiti wa dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, hasa uzeeni) tunaofanya kazi tukiwa mbali, kilifanya nini, fedha zimekwenda wapi na tunaelekea wapi. Nitaeleza yote. Ila najua wengi mmekuja kusikia habari za chumba tulichokodi hapa Mbeya, eneo la Soweto, cha kusikilizia sauti za wagonjwa, na sitakikwepa.

Shughuli za mwaka

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Kamati ilikutana mara sita. Mafunzo yalikuwa mawili, Machi na Agosti. Wanachama watatu walifiwa na rambirambi ziliwafikia. Septemba 21, Siku ya Alzheimer Duniani, tulikaa na familia za wazee pale Uyole na watu walikuja kuliko tulivyotegemea. Semina za mtandaoni tulihudhuria tulizoweza. Zile za Marekani zinazoanza saa kumi jioni ya New York hutufikia saa tano au saa sita usiku, na vijana wanane walizikesha hadi mwisho, hongereni sana. Kazi zilizopitia chamani ziliwaingizia wanachama jumla ya shilingi 49,600,000, nyingi zikiwa za kunukuu mahojiano (kuandika yaliyosemwa kwenye sauti zilizorekodiwa), kutafsiri na kusafisha data.

Mafunzo ya Agosti nitayaongezea maneno kidogo kwa sababu niliyaandaa na kuyaendesha mwenyewe. Nilitaka vijana waelewe kwamba utafiti wa dimenshia si jambo la Ulaya tunaloazimwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kutoka Hai, Kilimanjaro, ulifikia wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, ukakadiria kuwa asilimia 6.4 wana ugonjwa huu. Huko huko Hai ndiko kilikotengenezwa kipimo kinachoitwa IDEA, kwa ajili ya wazee ambao hawakupita shuleni. Badala ya kumpa bibi kalamu achore maumbo asiyoyajua, unampa njiti za kiberiti azipange. Niligawa viberiti kumi na kila mmoja alipanga. Kisha nikawauliza: hili utalifanyaje kwa simu? Ukumbi ukanyamaza.

Nilitaka wafike hapo. Kumwomba mzee ataje wanyama kwa dakika moja unaweza ukiwa mbali. Kumsomea maneno na kumrudia baadaye unaweza pia, na vipimo vya kumbukumbu kwa simu vipo tangu miaka ya 1980. Lakini njiti huzioni. Huoni kama mzee amevaa kanga kichwa chini miguu juu. Na ukimwuliza leo siku gani, mjukuu aliyeshika simu anamnong'oneza, "Jumatano, bibi." Msaidizi wa utafiti anayefanya kazi akiwa mbali lazima ajue sikio lake linaishia wapi. Nashukuru kwamba wawili kati ya waliohudhuria walipata mikataba ya miezi sita baada ya mafunzo hayo, na barua zao za utambulisho niliziandika mimi.

Suala la chumba cha Soweto

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mwezi Aprili niliongoza kamati kukodi chumba hapa Soweto, kukifunga inveta na betri, kununua hedifoni sita, na kuweka sharti kwamba sauti za wagonjwa na familia zao zisikilizwe ndani ya chumba hicho tu. Tangu siku ile nimeitwa majina. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna aliyeandika kwamba mwenyekiti ameigeuza kazi ya mbali kuwa kazi ya ofisi. Mwingine aliandika kwamba natafuta kodi ya kumpa ndugu yangu. Mwenye nyumba si ndugu yangu, si shemeji yangu, na mkataba uko mezani kwa katibu, mwenye macho aje asome.

Sikuwahi kueleza kwa ukamilifu kwa nini tulifanya hivyo, kwa kuwa nilikuwa namlinda mtu. Leo nitaeleza bila kumtaja.

Mwezi Februari nilikwenda kwa mwanachama wetu mmoja, Uyole, kumpelekea fomu asaini. Anaishi nyumba ya wapangaji, vyumba sita, ua mmoja. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya moshi wa jiko la mkaa. Laptopu ilikuwa juu ya ndoo iliyofunikwa ubao. Hedifoni yake ilikuwa imekufa upande mmoja, hivyo aliweka sauti nje, tena kubwa, kwa kuwa bibi aliyekuwa anahojiwa alikuwa anaongea chini chini. Kijana wetu alikuwa anaandika kwa bidii, sitamsingizia uvivu. Bibi akaulizwa nani anampikia. Akasema kwa Kinyakyusa kwamba binti yake anamficha chakula, anakula yeye na watoto wake. Kisha akalia.

Mama mmoja aliyekuwa anafua pale uani akaacha kufua. Akauliza, "Huyo si mama yake fulani wa Igawilo?" Akamtaja kwa jina. Hakukosea.

Ninyi mnaofanya kazi hii mnajua kwamba kudhani unaibiwa au unafichwa chakula mara nyingi ni dalili ya ugonjwa wenyewe. Mama anakula, anasahau kwamba amekula, halafu anamlaumu aliyempikia. Yule aliyekuwa anafua hajui hilo. Kabla wiki haijaisha, Igawilo nzima ilikuwa inasema binti anamtesa mama yake kwa njaa. Binti huyu aliacha biashara yake ya viazi pale Mwanjelwa ili amwoshe mama, amlishe, alale mlangoni asitoke usiku. Nilikwenda mimi mwenyewe kumwomba radhi, peke yangu, na kilo mbili za sukari mkononi. Alinikaribisha, akanipa kiti, akasema, "Mama muuguzi, mimi nilikubali mama arekodiwe kwa sababu mliniambia maneno yake yatabaki kwenu." Sikuwa na jibu. Nimefanya uuguzi miaka 31 na sijawahi kukaa kwenye kiti kigumu kama kile.

Ndipo nikaamua. Nasema nikaamua, kwa sababu wajumbe wawili wa kamati walitaka tusubiri mkutano mkuu, na mimi nikakataa kusubiri. Lawama ya kutowaita naipokea. Lawama ya uamuzi wenyewe siipokei. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za afya ni taarifa nyeti kwa mujibu wa sheria hiyo. Fomu ya ridhaa anayosomewa mzee kabla ya kuhojiwa inaahidi usiri. Ahadi hiyo haiishii kwa yule aliyeshika kinasa sauti kijijini. Inamfuata pia anayesikiliza akiwa kitandani kwake Kihesa au Makambako.

Wenzetu wa Iringa na Njombe walilalamika kwa haki, na nataka niwajibu kwa heshima. Kweli, Soweto kwenu ni safari, na hamkuingia kazi hii ili mkae kwenye basi. Kweli, wengine mna watoto wachanga, na mmoja wenu anamuuguza baba mwenye ugonjwa huu huu tunaoutafiti, hawezi kumwacha. Ndiyo maana sharti linahusu sauti na picha peke yake. Maandishi yaliyokwisha kuondolewa majina ya watu na vijiji mnafanyia kazi nyumbani. Data za namba zisizo na majina, vivyo hivyo. Kusoma makala na kuandaa muhtasari, hata juu ya mti ukitaka. Mwezi Juni niliandikia miradi mitatu kuomba kazi za aina hiyo zipelekwe Iringa na Njombe kwanza. Miwili ilikubali. Hilo halikutajwa kwenye kundi hata siku moja.

Nakiri pia hasara. Mradi mmoja wa nje ulitaka sauti zinukuliwe kwa siku tano. Kwa chumba chenye viti sita hatukuweza, tulichelewa, wakapeleka kazi kwingine. Wanachama sita walikosa malipo na najua mmoja wao alikuwa anategemea fedha hizo kwa ada ya shule. Niliongea naye na bado inaniuma. Lakini mradi ule ule haukuwahi kutuuliza sauti zingesikilizwa wapi.

Halafu mkosi ukaja juu ya mkosi. Mei 12, mwezi mmoja baada ya kufungua chumba, mikongo ya chini ya bahari ilikatika na intaneti ikazorota nchi nzima. Watu walisema tumelipia chumba cha giza. Nawakumbusha kwamba kunukuu sauti hakuhitaji intaneti. Siku zile ambazo wa nyumbani walikuwa wanatafuta bando la kupakia faili, chumbani waliandika mahojiano kumi na manne. Katibu anayo orodha.

Kuna la mwisho kuhusu chumba, na mimi naliona kubwa kuliko fedha. Kijana anayefanya kazi ya utafiti peke yake chumbani kwake analipwa kwa dakika ya sauti, anatuma faili, basi. Anajua jina la mtu mmoja tu kwenye mradi, yule wa barua pepe. Makala ikitoka hayumo, pengine hata kwenye shukrani hayumo, wakati yeye ndiye aliyejua bibi wa Rungwe alimaanisha nini. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye dimenshia ni zaidi ya milioni 55, na zaidi ya asilimia 60 wako nchi za kipato cha chini na cha kati. Wagonjwa wako kwetu na majina kwenye makala ni ya watafiti wa nje. Pale Soweto nimewaona vijana wakibishana nusu saa juu ya neno moja la Kisafwa, na kutoka kwenye ubishi huo tuliandika barua kwa mtafiti mkuu kueleza kwamba tafsiri ya swali lake ilikuwa inawaudhi wazee. Swali lilibadilishwa. Wawili wetu sasa wamo kwenye orodha ya waandishi wa rasimu ya makala ya mtafiti huyo. Niliidai nafasi hiyo kwa barua nne.

Mahudhurio na ada

Tuko wanachama 46. Mikutano ya robo mwaka ilikuwa na watu 19, 14, 9 na 16. Nusu ya wanachama ni 23, kwa hiyo hatukufikisha akidi hata mara moja, na kila uamuzi ulibidi urudi kamatini. Kisha mnailaumu kamati kwa kuamua peke yake. Tuliweka njia ya kujiunga kwa Zoom kwa ajili ya walio mbali. Jina linaonekana kwenye skrini, kamera imezimwa, ukimwita mtu mara tatu haitiki. Ni jambo la kusikitisha kwa watu ambao kazi yao ni kusikiliza.

Ada ni shilingi 60,000 kwa mwaka, sawa na 5,000 kwa mwezi. Waliomaliza ni 17. Waliolipa kidogo kidogo ni 11. Ambao hawajatoa hata shilingi ni 18, na kati yao wamo waliopata kazi kupitia chama mwaka huu huu. Nawaona kwenye kamati za harusi mkiahidi laki na kuikamilisha. Sisemi msichangie harusi. Nasema mama yule wa Igawilo hana kamati.

Hesabu

Tulianza mwaka na akiba ya shilingi 2,110,000. Ada iliingiza 1,365,000 badala ya 2,760,000. Makato ya asilimia 5 ya malipo ya kazi za wanachama yaliingiza 2,480,000. Jumla 5,955,000. Matumizi: kodi ya chumba ya mwaka mzima kwa mkupuo, maana mwenye nyumba hakutaka vinginevyo, 1,440,000, inveta na betri 1,350,000, intaneti ya miezi tisa 630,000, meza na viti 480,000, hedifoni 390,000, safari, mikutano na rambirambi 415,000, benki na vifaa vya kuandikia 185,000. Jumla 4,890,000. Salio 1,065,000. Ndiyo, akiba imeliwa karibu nusu, na imeliwa kwa uamuzi niliousimamia. Risiti zote zipo, isipokuwa ya fundi aliyevuta waya, 25,000, ambaye hakuwa na kitabu.

Matarajio

Mungu akijalia, tunatamani chumba kama hiki kipatikane Iringa, na baadaye Njombe, labda kwa kuomba nafasi kwenye taasisi yenye moyo wa kutusaidia. Tunatumaini mafunzo ya uchambuzi wa takwimu yatafanyika, ingawa mkufunzi hajapatikana. Tungependa pia siku moja kazi hii ilipwe kwa mwezi na si kwa dakika. Nitaendelea kuandika barua.

Jambo moja haliwezi kusubiri. Mwezi Aprili niliomba kila aliyekuwa na sauti za mahojiano kwenye simu au laptopu yake azilete zifutwe mbele ya katibu. Zimeletwa simu 21 na laptopu 9. Kwa orodha ya kazi zilizogawiwa, bado simu nne. Wenye simu hizo wanajijua na wawili wao wamo humu ukumbini. Katibu atakaa pale chumbani Soweto leo hadi saa kumi na mbili jioni, na kesho baada ya ibada.

Mwenyekiti
Mbeya, Januari 2025