Mataji 7 ya Bi. Lambert Chambers yana hesabu yake

Mhariri,

Orodha yenu ya mabingwa wa mashindano ya tenisi ya Wimbledon imempa Dorothea Lambert Chambers wa Uingereza mataji 7 ya mchezaji mmoja mmoja, basi. Msomaji wa leo atadhani kila taji lilipatikana kwa kupita raundi zote. Sivyo. Hadi 1921 bingwa mtetezi hakuingia kwenye mchujo. Wengine walichujana, na aliyebaki ndiye aliyemkabili bingwa katika mechi moja.

Mataji yake ya 1904, 1911 na 1914 yalitokana na mechi hiyo moja tu. Ya 1911 alimchapa Dora Boothby 6-0, 6-0. Mwaka 1903 na 1913 alishinda mchujo, lakini bingwa mtetezi hakushuka uwanjani, akapata ushindi wa mezani. (Mwaka 1913 bingwa mtetezi, Ethel Larcombe, alikuwa amepigwa na mpira jichoni.) Ni 1906 na 1910 tu alipomaliza mchujo kisha akamvua bingwa taji.

Hata hivyo, kusubiri hakukuwa mteremko. Alisubiri mara 6, akashinda 3 na kushindwa 3. Mpinzani huja miguu imechangamka, jicho limeshazoea mdundo wa mpira kwenye nyasi zile. Bingwa huanza baridi, na seti huweza kumponyoka kabla mipira yake haijaanza kufika karibu na mstari wa nyuma.

Ndiyo maana fainali ya 1919 inastahili zaidi ya neno "alishindwa". Vita vilikuwa vimesimamisha mashindano tangu 1915. Bi. Chambers ana miaka 40, Suzanne Lenglen wa Ufaransa ana 20 na ametoka kwenye mchujo. Seti ya tatu Lenglen aliongoza kwa gemu 4-1, Bi. Chambers akapindua hadi 6-5, na katika gemu iliyofuata, akianzisha mpira yeye, akaongoza 40-15: nafasi 2 za kutwaa ubingwa kwa pointi moja tu. Ya kwanza, mpira uligonga fremu ya raketi ya Lenglen, ukagusa wavu na kuangukia upande wa pili. Ya pili Lenglen aliiokoa pia. Taibreka (gemu maalumu ya kuamua seti iliyofungana) haikuwepo, seti ilikwenda hadi mmoja apate tofauti ya gemu 2: ikaisha 10-8, 4-6, 9-7. Jumla gemu 44.

Mwaka uliofuata alianzia kwenye mchujo, akaumaliza wote, akakutana tena na Lenglen na kufungwa 6-3, 6-0.

Naomba orodha ijayo iongezwe safu ya idadi ya mechi alizocheza bingwa kila mwaka.

Msomaji wenu