Kwa Nini Tunakuomba Uimbe Kabla Hatujachagua Mbao

Wateja wengi wanaotuagiza gita huanza kwa kutaja aina ya mbao, kisha ukubwa wa sanduku, kisha nakshi ya kuzunguka tundu la sauti. Sisi huanzia kwingine: tunamwomba mteja aimbe nyimbo zake mbili tatu, kwa sauti ileile anayoitumia jukwaani, huku akipiga gita alilo nalo sasa. Anayetunga nyimbo na kuziimba mwenyewe hutegemea maneno yake yasikike, na gita linalosifiwa kwa ukubwa wa sauti likiwa peke yake laweza kuyameza maneno hayo mara tu anapofungua kinywa. Mimi pia ni mtunzi na mwimbaji, kwa hiyo jambo hili silichukulii kuwa dogo.

Chanzo cha tatizo ni kwamba gita na koo la binadamu hugombania nafasi moja. Katika mpangilio wa kawaida, uzi mnene kabisa hutikisika takriban mara 82 kwa sekunde, na ule mwembamba kabisa, ukiachwa wazi, takriban mara 330, na sehemu kubwa ya sauti za waimbaji imo humohumo. Zaidi ya hayo, hewa iliyomo ndani ya sanduku ina mvumo wake wa asili, ambao katika gita kubwa la nyuzi za chuma huwa karibu na mitikisiko 100 kwa sekunde, jirani kabisa na noti ya G ya chini. Mwimbaji ambaye nyimbo zake nyingi zimetulia kwenye G atasikia besi ikivimba kila anaporejea kwenye noti hiyo ya msingi, na hata akibadilisha nyuzi mara ngapi, uvimbe huo hautaondoka.

Gita likiwa bado linajengwa, mvumo huo unaweza kuhamishwa, kwa kuwa tundu dogo huushusha na sanduku lenye nafasi ndogo huupandisha. Hata urefu wa uzi hutegemea mwimbaji: mwenye sauti nzito anayelegeza nyuzi zote kwa toni nzima tunamshauri achukue shingo ndefu kidogo, maana uzi mfupi ukilegea hupoteza mkazo na kuanza kugonga freti, vile vipande vyembamba vya chuma vilivyopangwa shingoni.

Muda mwingi, hata hivyo, huishia kwenye ubao wa juu. Kwa anayeimba kwa upole na kupiga kwa vidole, mara nyingi nachagua mwerezi, ulio mwepesi na unaoitikia mguso mdogo. Kwa anayecharaza kwa nguvu, sprusi, mbao ya jamii ya msonobari, hustahimili zaidi bila sauti kuvurugika. Ubao huo hurandwa hadi unene wa chini kidogo ya milimita 3, kisha mihimili myembamba iliyogundishwa chini yake huchongwa taratibu, nami nikiugonga ubao kwa kifundo cha kidole pale litakapokaa daraja (kipande kinachoshikilia nyuzi juu ya ubao) na kusikiliza kabla ya kurudisha patasi. Mhimili ukiachwa mnene, sauti hubana; ukipunguzwa kupita kiasi, nyuzi zitauvuta ubao hadi uvimbe, na mbao iliyokwisha kuondolewa hairudi.

Kwa sababu hiyohiyo hatupendi kuchonga mihimili ya gita ambalo limekwisha kukamilika, ingawa mkono wa fundi unaweza kupita kwenye tundu. Jaribu kwanza kufunga kapo, yaani kibanio kinachobana nyuzi zote kwa pamoja, kwenye freti ya pili na kupiga wimbo wako wa G kwa vidole vilevile: noti ya msingi itapanda hadi A, yenye mitikisiko 110, na mara nyingi uvimbe hupungua papo hapo. Ikiwa sauti yako inamudu kupanda kiasi hicho, huenda huhitaji gita jipya.

Anayetaka kuagiza aje na gita analolitumia, atueleze kama huwa analegeza nyuzi, na asione haya kuleta hata wimbo ambao haujakamilika. Aliye mbali anaweza kututumia rekodi ya simu, mradi isikike sauti yake na gita lake tu, bila chombo kingine.