Mahafali wakati wa kipindupindu: barua ya wazi kwa Naibu Chansela

Profesa,

Kamati yako inakaa kuamua kama mahafali yafanyike huku kipindupindu kikiwa kimeripotiwa katika kaunti yetu ya Kisumu. Rai yetu ni kwamba mahafali yaendelee bila chakula cha pamoja, na michezo ya vyuo iahirishwe. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kuketi na mtu hemani. Hupitia maji, chakula na mikono iliyoguswa na kinyesi. Visa vya kwanza vya mlipuko wa Oktoba 2022 vilihusishwa na karamu ya harusi Kiambu. Wanamichezo hulala mabwenini siku kadhaa wakitumia vyoo vilevile; mgeni wa mahafali hukaa saa chache.

Jikoni ndiko tunakohofia zaidi. Wali uliopikwa usiku ukaachwa vuguvugu kwenye sufuria hadi saa saba mchana huzalisha viini kwa wingi. Ikibidi watu wale, chakula kipikwe asubuhi hiyo na kipakuliwe kikifuka mvuke. Kachumbari, barafu na sharubati vikatazwe hadi kwa wachuuzi wa langoni, ambako usimamizi hulegea kila mara.

Maji ya boza, yaani lori la tangi la maji, yapimwe, hata mwenye boza akiapa kuwa ni salama. Klorini iliyosalia, yaani dawa inayobaki majini baada ya kutibu, iwe miligramu 2 kwa lita boza linapojazwa, na isipungue 0.5 kwenye mfereji wa kunywa. Kidonge cha kupimia kikiyeyuka na maji yasigeuke waridi, hamna klorini. Maji yenye matope huila dawa kabla haijaua viini, kwa hivyo yatulizwe na kuchujwa kwanza, ndipo yatiwe klorini na kuachwa dakika 30. Wengi hutia klorini wageni wakiwa tayari kwenye foleni.

Kwa matapishi na kinyesi, wahudumu wachanganye gramu 300 za klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70 kwa lita 10 za maji, katika ndoo ya plastiki, nje penye hewa. Ya kunawia mikono ni gramu 7 tu kwa lita 10. Ndoo ziandikwe kwa herufi kubwa. Zikibadilishana, watu wataungua ngozi.

Hema la huduma ya kwanza liwe na pakiti za ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, na mhudumu azisome kabla ya kuchanganya: zipo za nusu lita na za lita moja. Mgonjwa anayeweza kunywa aanze papo hapo, asingoje ambulensi.

Dalili hujitokeza kati ya saa 12 na siku 5. Atakayeambukizwa hapa huenda akaugulia Busia au Homa Bay, kwa hivyo nambari za simu za wageni wote zichukuliwe langoni na zikabidhiwe idara ya afya ya kaunti.

Tunaomba pia mwandike mapema ni nani atakayesimamisha hafla bila kusubiri kikao: mfereji ukikosa klorini saa kumi na mbili asubuhi, au bweni lolote likipata mgonjwa. Awe afisa wa afya ya umma, asiwe mwenye zabuni ya chakula.

Wataalamu wa afya ya umma na usafi wa maji,
Kisumu