Mkaguzi aje kabla ya zege, si baada ya plasta

Mhariri,

Mimi ni fundi mwashi hapa Fort Portal, Uganda, na nina ombi kwa wanaokagua majengo ya shule. Kila mara hutukuta tumeshapiga plasta. Wanautazama ukuta, wanafungua na kufunga mlango, wanatia sahihi. Nondo, vyuma vya ndani ya zege, hawakuziona. Wamekagua rangi!

Katika nguzo, nondo zinazosimama hufungwa kwa ringi, vyuma vyembamba vinavyokunjwa kuzizunguka. Ncha za ringi zikikunjwa nyuzi 90 tu, siku ardhi ikitikisika zege la nje litabanduka, ringi ifunguke, nondo zipinde, na nguzo ishuke pamoja na paa. Ncha hizo zikirudishwa ndani hadi nyuzi 135, zikazama katikati ya zege, ringi haiachii. Chuma kinachoongezeka hakizidi kidole. Kinachoongezeka ni jasho, na kijana anayekunja ringi mara nyingi hulipwa kwa hesabu ya ringi, kwa hiyo hukunja ya haraka. Simlaumu.

Huku kwetu, chini ya Rwenzori, tetemeko si hadithi. Machi 1966 liliua watu zaidi ya 100 Toro na Bundibugyo. Februari 1994 likarudi upande wa Kisomoro. Mwaka 2016 lile la Kagera, Tanzania, la kipimo cha 5.9, lilibomoa nyumba hadi Rakai, huku Uganda. Mto Nyamwamba ukifurika kule Kasese, kama 2013 na 2020, angalau mvua huwa imeonekana mlimani. Tetemeko halipigi hodi.

Kanuni za kujenga kwa kuhimili tetemeko tunazo tangu 2003, na Sheria ya Kudhibiti Majengo ilipitishwa 2013. Lakini shule moja, sitaitaja, imewekewa linta, yaani boriti ya juu ya dirisha, vipande vipande, kila dirisha na chake, badala ya mkanda mmoja wa zege unaozunguka chumba chote na kufungwa kwenye kona. Juu yake ukuta wa pembetatu wa matofali umesimama bila kushikwa na kitu, na chini yake wanakaa watoto wa darasa la kwanza.

Basi zege lisimwagwe kabla mkaguzi hajatia sahihi kwenye nondo zenyewe. Akikosa mafuta ya pikipiki, mwalimu mkuu apige picha za ringi kwa simu, rula ikiwa pembeni, amtumie. Ila atujibu mapema, maana mashine ya kuchanganyia zege tunaikodi kwa siku.

Fundi mwashi,
Fort Portal