Anzia ukutani

Rafiki yangu mpendwa,

Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya. Nimefurahi mno kusikia kwamba umekabidhiwa maonyesho ya kazi za wakazi katika jumba la sanaa la umma, na kwa kuwa umeniuliza uanzie wapi, nakujibu bila kuzunguka: anzia ukutani, kabla hata ya kufikiria sherehe ya ufunguzi.

Mwaka nilioshiriki shughuli kama hiyo, wenyeji wetu walitupa ujia wa kuelekea chooni, ilhali ukumbi mkuu ulikuwa mtupu. Bibi mmoja alileta kitambaa alichokitarizi kwa miezi mingi: ndege wawili juu ya tawi, na nyuzi za upande wa nyuma zimefungwa kwa usafi uleule wa mbele. Kilipigiliwa misumari miwili pembeni, juu kuliko kimo chake, kikawa kimelegea katikati, naye akalazimika kuinua shingo ili aitazame kazi ya mikono yake mwenyewe. Alitazama kidogo, akashukuru, akaenda zake. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo nakusihi usikubali kazi za wakazi zipimwe kwa kipimo cha chini. Katikati ya kila picha pawe yapata sentimita 150 kutoka sakafuni, na pashuke zaidi ikiwa watazamaji wengi ni watoto au watu wanaotumia viti vya magurudumu. Kitambaa kizito kishonewe utepe wa kunasia (Velcro) kwenye ukingo wote wa juu, ili uzito wake ugawanyike badala ya kubebwa na matundu mawili. Vitambaa, michoro ya karatasini na rangi za maji haviwezi kustahimili mwanga mkali. Majumba mengi huvimulika kwa takriban luksi 50 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), huku picha za rangi za mafuta zikiruhusiwa hadi 200 hivi, kwa sababu rangi ikishapauka hairudi, na mwanga haubagui kati ya uzi wa bibi yule na ule wa msanii mashuhuri.

Maelezo ya ukutani nayo yanahitaji subira. Keti na kila mtu, mwulize alichokusudia, andika kwa maneno yake, kisha msomee kabla ya kuchapa. Jina lake liandikwe kamili pamoja na vifaa alivyotumia. Neno “mkazi” lisikalie nafasi ya jina la mtu.

Wakikuambia kwamba maonyesho ya majirani hushusha hadhi ya jumba, wakumbushe jumba la sanaa la Whitechapel huko London. Jumba hilo, lililofunguliwa mwaka 1901, lilitokana na maonyesho ambayo kasisi Samuel Barnett na mkewe Henrietta walianza kuwaandalia watu wa mtaa wao maskini mwaka 1881, katika vyumba vya shule ya parokia. Na ni humo, mwaka 1939, ambamo Guernica, picha mashuhuri ya mchoraji Picasso kuhusu ukatili wa vita, ilitundikwa, watu wa mtaa wakaja kuiona.

Nitumie ramani ya ukumbi mara utakapoipata, hasa upande wa madirisha, na unijulishe siku ya kutundika. Nitakuja na pimamaji yangu.

Wako akupendaye daima.